Kuing'oa fail2ban na mizizi yake yote, kisha kuiweka upya kwenye seva ya Linux

Swali limetoka Lamu, kwa msomaji anayetunza seva ya kukodi ya Debian 12 yenye tovuti ya kuwekea nafasi nyumba za wageni za Shela na safari za mashua. Kwa ufupi anasema hivi: fail2ban, programu inayofungia anwani za wanaokosea kuingia mara nyingi, iliifungia anwani ya intaneti ya ofisi yao ya Langoni. Akaiondoa kwa `apt remove`, akafuta folda yote ya `/etc/fail2ban` kwa `rm -rf`, kisha akaiweka tena kwa `apt install`. Tangu hapo huduma haiwaki kabisa. Zaidi ya hayo, ofisi bado haiingii kwa SSH (njia ya kuendesha seva kwa mbali) hata baada ya seva kuzimwa na kuwashwa, ilhali tovuti yenyewe inafunguka vizuri. Kwa sasa anaingia kwa intaneti ya simu. Anauliza kama ipo njia ya kuifuta kabisa ianze kama haikuwahi kuwepo.

Ndugu yangu, waalaikum salaam. Njia ipo, na haihitaji kufomati seva. Ila usianze kuweka upya mara ya pili kabla ya kuelewa kilichotokea, maana utarudi palepale. Una hitilafu tatu zilizovaana zikaonekana moja. Ya kwanza iko kwa dpkg, ile programu inayofanya kazi chini ya apt. Ya pili iko kwenye kanuni za fayawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya seva, ambazo apt haizijui wala haizigusi. Ya tatu haijajitokeza bado. Itakupata mara tu utakapofaulu kuwasha huduma, kwa sababu ni tabia ya Debian 12 yenyewe.

Tuanze na folda uliyofuta, kwa kuwa hapo ndipo wengi hunasa. `apt remove` huondoa programu lakini huacha faili za mipangilio. Ukiandika `dpkg -l fail2ban` wakati huo, utaona herufi `rc` mwanzoni mwa mstari: kifurushi kimeondolewa, mipangilio yake bado inahesabiwa. Dpkg hubaki na orodha ya faili hizo pamoja na alama ya utambuzi ya kila moja. Sasa ukizifuta kwa mkono halafu ukaweka kifurushi tena, dpkg hulinganisha orodha na diski, huona faili hazipo, na kuchukulia kwamba msimamizi alizifuta kwa makusudi. Kwa hiyo hairudishi hata moja. Huo ni utaratibu wa Debian wa kuheshimu uamuzi wa mwenye seva, ni utaratibu mzuri, lakini kwako umeacha programu nzima isiyo na `fail2ban.conf` wala `jail.conf`. Haiwezi kuwaka. Thibitisha kwa amri hii:

```
dpkg --verify fail2ban
```

Kila mstari unaoanza na `missing` na herufi `c` ni faili ya mipangilio ambayo dpkg inaijua lakini haipo. Na ule ujumbe wa `Failed to access socket path` unaoupata kila ukijaribu `fail2ban-client` usikupotezee muda. Unasema tu kwamba huduma haijawaka, hausemi kwa nini. Sababu huiona hapa:

```
journalctl -u fail2ban -n 50 --no-pager
```

Kabla hujagusa kitu, jikinge. Unafanya kazi kwa intaneti ya simu, na ikikatika katikati ya apt, dpkg inaweza kuachwa njia panda. Ingia ndani ya tmux ili kazi iendelee hata ukikatika:

```
sudo -i
apt install tmux
tmux new -s kazi
```

Ukirudi baada ya kukatika, `tmux attach -t kazi` inakurudisha ulipokuwa. Ikiwa dpkg ilishakatika huko nyuma, `dpkg --configure -a` humalizia. Fungua pia kikao cha pili cha SSH na ukiache wazi bila kukigusa, na uhakikishe unaweza kuingia kwenye konsoli ya seva kupitia ukurasa wa kampuni inayokukodishia. Konsoli hiyo haipiti SSH, kwa hiyo hata ukijifungia nje kabisa bado una mlango. Ijaribu sasa, nywila yake na yote, usingoje siku ya shida. Na chagua wakati wenye utulivu. Wiki ya Maulidi, wageni wamejaa mji mzima na watu wanaweka nafasi usiku na mchana, si wakati wa kuchezea fayawoli. Wala usianze ukiwa ndani ya boti ya kwenda Mokowe. Kaa mahali penye mtandao na umeme kwa saa nzima.

Nimesema `sudo -i` kwa sababu baadhi ya amri zinazofuata zinaandika faili ndani ya `/root`, na `sudo` peke yake haiendeshi alama ya `>`. Weka nakala ya akiba:

```
mkdir -p /root/akiba
cp -a /etc/iptables /etc/ufw /etc/fail2ban /root/akiba/
iptables-save > /root/akiba/iptables.txt
ip6tables-save > /root/akiba/ip6tables.txt
nft list ruleset > /root/akiba/nft.txt
```

Folda isiyokuwepo italalamikiwa na `cp`, puuza. Kama nft haijawekwa, mstari wa mwisho hautafanya kitu, nao puuza.

Sasa onyo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Utakutana na ushauri wa kuandika `iptables -F` (iptables ni chombo cha kupangia kanuni za fayawoli) ili "kusafisha kila kitu". Usifanye hivyo. Amri hiyo hufuta kanuni lakini haibadilishi msimamo wa msingi wa mnyororo wa INPUT, yaani kundi la kanuni za mawasiliano yanayoingia. Ikiwa msimamo huo ni DROP (kukataa kimya), kama UFW, programu ya kurahisisha fayawoli, inavyouweka, basi utakuwa umefuta kanuni zote zilizoruhusu SSH na kubakisha ile inayokataa kila kitu. Kikao chako kitaganda papo hapo. Na kama seva ina Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, utakuwa umefuta pia kanuni zinazopeleka watu kwenye kontena. Kinachotakiwa ni kutoa kanuni za fail2ban tu, na zinatambulika kirahisi kwa sababu majina yake huanza na `f2b`.

Zitafute kila mahali zinapoweza kujificha:

```
iptables -S | grep f2b
ip6tables -S | grep f2b
iptables-legacy -S | grep f2b
nft list tables
grep -rn f2b /etc/iptables /etc/ufw
```

Mstari wa tatu upo kwa sababu Debian ina iptables ya aina mbili, ya kisasa inayoandika kupitia nftables (mfumo mpya wa fayawoli wa Linux) na ya zamani. Kanuni iliyo kwenye moja haionekani ukiangalia nyingine. Mstari wa nne ukionyesha `table inet f2b-table`, hiyo ni ya fail2ban iliyotumia nftables moja kwa moja.

Kwa maelezo yako, nina hakika kubwa jibu liko kwenye mstari wa tano, ndani ya `/etc/iptables/rules.v4`. Fikiria: kanuni za fayawoli huishi kwenye kumbukumbu ya kerneli, seva ikizimwa zinafutika. Yako haikufutika, kwa hiyo kuna kitu kinaipakia upya kila seva inapowaka. Kazi hiyo hufanywa na kifurushi cha iptables-persistent. Wakati wa kukiweka, huuliza kama kihifadhi kanuni zilizopo sasa hivi, na mtu hujibu ndiyo. Au baadaye mtu anaandika `netfilter-persistent save` baada ya kufungua poti fulani. Ikiwa wakati huo fail2ban ilikuwa inaendesha na imeifungia anwani ya ofisi, kifungo kile kiliandikwa pamoja na kanuni nyingine. Kifungo cha fail2ban kwa kawaida ni cha dakika 10, na ni fail2ban yenyewe inayohesabu dakika hizo na kukiondoa. Nakala iliyohifadhiwa kwenye faili haina wa kuihesabia. Inarudi kila seva inapowaka, na hakuna atakayeiondoa milele.

Hii pia inaeleza kwa nini tovuti inafunguka na SSH inakataa. Jela (mipangilio ya fail2ban kwa huduma moja) ya sshd, programu inayopokea SSH, hufunga poti 22 tu, si 80 wala 443. Na ukiona `Connection refused` kutoka ofisini, usidhani sshd imekufa, kwa kuwa kanuni ya REJECT ya fail2ban hutoa jibu hilohilo kwa anayegonga.

Kuiondoa kwenye kerneli, angalia matokeo ya `iptables -S`. Utaona mstari kama huu:

```
-A INPUT -p tcp -m multiport --dports 22 -j f2b-sshd
```

Uandike tena vilevile ulivyo, ila badilisha `-A` iwe `-D`, kisha umwage mnyororo na kuuondoa:

```
iptables -D INPUT -p tcp -m multiport --dports 22 -j f2b-sshd
iptables -F f2b-sshd
iptables -X f2b-sshd
```

Mpangilio huo ni wa lazima. Ukianza na `-X` utakataliwa, kwa sababu mnyororo bado umeshikwa na INPUT. Kama mstari wa INPUT unajirudia mara mbili au tatu, jambo linalotokea fail2ban ikiuawa ghafla na kuwashwa tena, rudia `-D` mpaka yote iishe. Fanya hivyo kwa `ip6tables` pia ikiwa ilionyesha chochote, na kwa kila jela nyingine uliyokuwa nayo. Kwa upande wa nftables ni amri moja:

```
nft delete table inet f2b-table
```

Jaribu sasa kuingia kutoka ofisini. Kama bado inakataa na hakuna `f2b` popote, kuna sehemu nyingine chache ambazo mipangilio ya zamani inaweza kuwa imeandika: `/etc/hosts.deny`, orodha ya `ufw status numbered`, na njia zilizokatwa, ambazo `ip route | grep unreachable` huzionyesha. Angalia pia kama kampuni ya kukodisha seva ina fayawoli yake kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Hiyo iko nje ya seva na hakuna amri ya ndani itakayoiona.

Imefunguka? Usishangilie bado, kwa sababu faili ya `rules.v4` iko vilevile na itairudisha. Hapa watu hukimbilia `netfilter-persistent save`. Inafaa kama seva haina Docker. Ikiwa nayo, utahifadhi pia kanuni za Docker na utapata vurugu nyingine seva ikiwaka. Mimi napendelea kuisahihisha faili yenyewe:

```
sed -i '/f2b-/d' /etc/iptables/rules.v4
iptables-restore --test < /etc/iptables/rules.v4
```

Amri ya kwanza hufuta kila mstari wenye `f2b-`: tangazo la mnyororo linaloanza na nukta mbili, kanuni ya INPUT, vifungo vyenyewe, na RETURN ya mwisho. Ni muhimu vyote vitoke kwa pamoja. Mtu akifuta kwa mkono tangazo la mnyororo na kusahau mstari wa INPUT unaouita, iptables-restore hukataa jedwali zima, na seva huwaka bila kanuni hata moja ya fayawoli. Hapo utakuwa umetoka kwenye kufungiwa ukaingia kwenye kuachwa wazi, tena bila kujua. Ndiyo sababu ya amri ya pili: inajaribu faili bila kuitumia. Ikikaa kimya, faili ni salama. Rudia kwa `rules.v6`, ukitumia `ip6tables-restore`.

Sasa ndipo tunaondoa programu yenyewe:

```
systemctl stop fail2ban
apt purge fail2ban
dpkg -l | grep fail2ban
```

`purge` hufanya kile ambacho `rm -rf` haikuweza, yaani hufuta kumbukumbu ya dpkg juu ya faili zile. Amri ya mwisho isitoe kitu chochote. Ikiwa apt italalamika kwamba folda ya `/etc/fail2ban` haikufutwa kwa kuwa si tupu, maana yake mna faili zisizo za kifurushi, kama `jail.local` au vichujio vilivyoandikwa na mtu. Hizo huzifuta wewe, na wakati wake ni huu, baada ya purge:

```
rm -rf /etc/fail2ban /var/lib/fail2ban /run/fail2ban
rm -f /var/log/fail2ban.log*
```

Usiiruke `/var/lib/fail2ban`. Ndani yake mna `fail2ban.sqlite3`, hifadhidata ya vifungo. Kila huduma inapowaka husoma humo na kurudisha vifungo ambavyo muda wake haujaisha. Kama bantime (muda wa kifungo) ilikuwa ya wiki au ya kudumu, utaweka programu mpya na ofisi itafungiwa tena sekunde ileile, na utadhani usafi wote umekwenda bure.

Kisha tafuta mabaki yaliyowekwa bila apt. Mara nyingi mtu aliyeandaa seva mwanzo huwa ameiweka kwa pip au kwa kuipakua chanzo, na nakala hiyo hukaa `/usr/local`, ambayo hutangulia `/usr/bin` kila unapoandika amri. Matokeo yake unaita toleo la zamani ukidhani ni jipya.

```
type -a fail2ban-client fail2ban-server
find / -xdev -iname '*fail2ban*' -not -path '/root/akiba/*'
systemctl daemon-reload
systemctl reset-failed
```

Kitakachoonekana chini ya `/usr/local/bin` au `/usr/local/lib/python3` kiondoe. Chini ya `/etc/systemd/system`, faili ya `fail2ban.service` au folda ya `fail2ban.service.d` iliyoandikwa kwa mkono hushinda ile ya kifurushi, basi isome kwanza, kisha iondoe. Faili ndogo zinazokaa kwenye folda za programu nyingine, kwa mfano rangi za vim au orodha za apt chini ya `/var/lib/apt`, hazina madhara.

Kuweka upya ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia:

```
apt update
apt install fail2ban python3-systemd nftables
```

Nimetaja vifurushi viwili vya ziada kwa makusudi. Kwa Debian hivyo ni mapendekezo tu ya fail2ban, si lazima, na seva nyingi za kukodi zimepangwa zisiweke mapendekezo. Bila python3-systemd, fail2ban haiwezi kusoma jarida la mfumo. Hapo ndipo hitilafu ya tatu niliyokuonya.

Debian 12 haiweki rsyslog, programu ya kuandika logi kwenye faili, kwa chaguo-msingi. Hakuna rsyslog, hakuna `/var/log/auth.log`; majaribio ya kuingia yanaandikwa kwenye jarida la systemd pekee. Fail2ban ikitafuta `auth.log` na kuikosa, inakataa kuwaka na kuandika `Have not found any log file for sshd jail`. Yaelekea `jail.local` yako ya zamani ilikuwa na mstari wa kutatua hilo, ukapotea na folda. Andika mpya, `/etc/fail2ban/jail.local`:

```
[DEFAULT]
banaction = nftables
banaction_allports = nftables[type=allports]
bantime = 1h
findtime = 10m
maxretry = 5
ignoreip = 127.0.0.1/8 ::1

[sshd]
enabled = true
backend = systemd
port = ssh
```

`backend = systemd` iko chini ya `[sshd]`, si juu kwenye `[DEFAULT]`. Ukiipandisha juu, jela za nginx utakazoongeza baadaye zitasoma jarida badala ya faili za `/var/log/nginx`, na hazitakamata mtu. Kama SSH yako iko kwenye poti nyingine, tuseme 2222, andika `port = 2222`. Usipoandika, fail2ban itafunga poti 22 isiyotumika na mvamizi ataendelea kugonga ile ya kweli huku orodha ikisema amefungiwa. Na `jail.conf` usiiguse kamwe. Ni ya kifurushi, na kila toleo jipya litakuuliza uchague kati ya yako na yao.

Nimechagua nftables kwa sababu ya yaliyokupata. Fail2ban ikitumia nftables, huweka vifungo kwenye jedwali lake lenyewe, `inet f2b-table`, ambalo iptables-save hailioni. Hata mtu akiandika `netfilter-persistent save` wakati kuna vifungo kumi, hakuna kitakachoingia kwenye `rules.v4`. Tahadhari moja tu: usiwashe huduma ya nftables yenyewe kama huihitaji. Faili yake ya kawaida, `/etc/nftables.conf`, huanza na `flush ruleset`, na kila huduma hiyo ikianzishwa upya hufuta kanuni zote, za fail2ban, za UFW na za Docker.

Jaribu mipangilio kabla ya kuwasha:

```
fail2ban-client -t
systemctl enable fail2ban
systemctl restart fail2ban
fail2ban-client ping
fail2ban-client status sshd
```

`ping` ijibu `pong`. Ukiangalia sasa hivi `nft list tables` na usione `f2b-table`, usiwe na wasiwasi. Matoleo ya siku hizi hujenga jedwali pale tu kifungo cha kwanza kinapotokea. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kufunga anwani ya majaribio. Mtandao wa 192.0.2.0/24 umetengwa kwa mifano ya maandishi, hakuna kompyuta halisi inayoutumia, kwa hiyo hutamdhuru mtu:

```
fail2ban-client set sshd banip 192.0.2.10
nft list table inet f2b-table
fail2ban-client set sshd unbanip 192.0.2.10
```

Ukiiona anwani hiyo ndani ya jedwali, mkono wa kufunga unafanya kazi. Bado jicho, yaani usomaji wa logi. Amri ifuatayo hupitisha jarida lote kwenye kichujio cha sshd na kuhesabu mistari iliyolingana:

```
fail2ban-regex systemd-journal sshd
```

Seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hupigwa hodi na mashine za kubahatisha nywila kutwa kucha. Kwa hiyo sifuri hapa, kwenye seva iliyokaa siku kadhaa na SSH ikikubali nywila, ina maana kichujio hakisomi kinachoandikwa. Kwa anayetumia faili ya logi badala ya jarida, chunguza saa kwanza. Ukibadilisha `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` bila kuanzisha upya rsyslog, logi inaweza kuendelea kuandikwa kwa saa ya UTC. Fail2ban itaona kila kosa kama la saa tatu zilizopita, nje ya dakika 10 za findtime (muda wa kuhesabia makosa), na haitamfunga yeyote.

Limebaki la kwa nini ofisi ilifungiwa hapo awali, na hili lisipotatuliwa litakurudia. Ofisi nzima inatoka kupitia ruta moja, kwa hiyo kwa seva nyinyi nyote ni anwani moja. Kompyuta moja yenye programu ya kuhamisha faili iliyohifadhi nywila ya zamani inaweza kukosea mara tano ndani ya dakika mbili, na wote mkafungiwa. Tafuta hiyo kwanza. Sababu ya pili huwapata wanaotumia funguo za SSH: mtu mwenye funguo nyingi, kompyuta yake huzijaribu moja baada ya nyingine, na sshd humkatiza akifika majaribio 6. Dawa ni kuandika `IdentitiesOnly yes` na ufunguo husika kwenye `~/.ssh/config` ya kompyuta hiyo.

Kama ofisi ina anwani ya kudumu kutoka kwa mtoa intaneti wenu, iongeze mwishoni mwa mstari wa `ignoreip`, wa anwani zisizofungiwa. Ya simu usiiongeze. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na yako hubadilika. Ukiruhusu eneo zima la anwani za mtandao wa simu, umemruhusu kila mteja wake. Kwa anayeingia mara leo akiwa Shela, kesho Mokowe, suluhisho linalofaa ni WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ya mtandao) kati ya simu na seva, kisha unaweka kwenye `ignoreip` ule mtandao wa ndani wa WireGuard peke yake. Na mkishahamia wote kwenye funguo, zima nywila kwa `PasswordAuthentication no` kwenye `sshd_config`. Ukifika hapo, kubahatisha nywila hakumfikishi mtu popote, na fail2ban inabaki kupunguza kelele.

Anayefuata maelezo haya kwenye Ubuntu 24.04 anaweza kukutana na kosa `No module named 'asynchat'`. Python 3.12 iliondoa moduli hiyo, na toleo la fail2ban lililotoka na Ubuntu hiyo mwanzoni lilikuwa bado linaitegemea. Marekebisho yapo kwenye toleo la `1.0.2-3ubuntu0.1`, basi hakikisha chanzo cha noble-updates kimewashwa kabla ya `apt update`. Usikimbilie pip, ndiko mabaki ya `/usr/local` yanakotoka.

Mwisho, washa seva upya ukiwa na konsoli wazi pembeni, na ukague mambo matatu: `systemctl is-active fail2ban` ijibu `active`, `iptables -S | grep f2b` isitoe kitu, na kompyuta ya ofisi iingie kwa SSH. Hilo la katikati ndilo litakalokuambia kama `rules.v4` imesafika kweli.